Kuzuia besi ya sabufa kwenye Toyota IST: nilichopata kwa mikeka ya butili na nilichokosa kwa sponji

Mwezi uliopita nililipeleka gari langu, Toyota IST ya toleo la kwanza, kwenye gereji moja ya Sinza, Dar es Salaam, inayoshughulika na muziki wa magari. Nililiacha huko siku mbili, nikalipa shilingi 465,000, na nikarudi nalo Tabata likiwa limebandikwa mikeka ya butili, yaani mpira unaonata, kwenye milango minne, sakafu ya buti na mlango wa nyuma. Naandika tathmini hii kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa nimekwisha kulipa shilingi 180,000 mahali pengine kwa kazi iliyoitwa kwa jina lilelile, "kuzuia sauti", na kazi hiyo haikuzuia chochote kilichokuwa kikinisumbua. Mafundi wa pande zote mbili walikuwa na mikono mizuri. Walichotofautiana ni kuijua besi.

Gari lina sabufa, yaani spika kubwa ya besi, ya inchi 10 ndani ya boksi lililofungwa, amplifaya moja chini ya siti, na spika nne za milangoni. Nilikuwa na matatizo mawili. La kwanza lilikuwa bati: besi ilipopiga, kibao cha namba cha nyuma kilitetemeka na mlango wa buti ulitoa mlio wa debe tupu, kiasi kwamba aliyesimama nje alisikia bati kabla ya muziki. La pili ni jirani yangu, mama mtu mzima ambaye dirisha la chumba chake liko mita kama sita kutoka ninapoegesha. Jioni moja nilipokuwa nashuka garini aliniita nikamsogelea na kumwamkia.

"Marahaba mwanangu," akaitikia. "Mimi muziki wako siusikii. Nasikia glasi zangu kabatini."

Sijapata kusoma maelezo ya besi yaliyo sahihi kuliko hayo. Sauti nyembamba za gitaa na za waimbaji hupungua sana zinapokutana na vioo, bati na ukuta wa matofali, lakini sauti za masafa ya chini, yaani zile nzito za besi, hupenya kwa urahisi, na katika jiji ambalo watu hulala madirisha yakiwa wazi, nyavu za mbu zikiwa ndiyo kizuizi pekee kati ya chumba na ua, hakuna hata kioo cha kuzipunguza. Ndiyo maana mtu anayepigiwa kelele na gari huwa hawezi kukutajia wimbo, ila anaweza kukuonyesha kitu kilichotikisika ndani kwake. Nililichukulia suala hili kwa uzito. Baa zinazopiga muziki hadi usiku wa manane hushtakiwa NEMC, baraza la taifa la mazingira, nami sikuona sababu ya gari langu kuwa baa ndogo ndani ya ua wa watu.

Duka la kwanza, ambalo sitalitaja, liliniuzia sponji yenye vinundu vya umbo la trei la mayai, unene wake sentimita tatu. Waliigandisha chini ya kapeti ya buti, nyuma ya siti na ndani ya milango, wakaniahidi kwamba besi "itanyonywa yote humohumo". Walinithibitishia kwa simu: programu ya kupima kelele ilionyesha namba iliyoshuka baada ya kazi, nami nikalipa nikiwa nimeridhika. Usiku uleule glasi za jirani zililia kama kawaida. Wiki chache baadaye mvua za masika zilipoanza, milango ikaanza kunuka uvundo, kwa kuwa sponji ya aina hiyo ina vitundu vilivyo wazi na hunywa maji yanayoteremka kando ya kioo. Nilipofungua kava la mlango wa kushoto mbele, niliikamua sponji kwa mkono na maji yakatiririka hadi kwenye kiwiko, na pale ilipokuwa imegusa bati palikuwa na doa la kutu lenye upana wa sarafu.

Baadaye nilielewa kwa nini sponji haikuweza kufanya walichoahidi. Katika joto la nyuzi 30, ambalo ni la kawaida kwetu, sauti husafiri kiasi cha mita 349 kwa sekunde. Besi ya hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, kwa hiyo ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 7. Sponji hunyonya sauti kwa kuisugua hewa inayotembea ndani ya vitundu vyake, na hewa hutembea kwa nguvu zaidi umbali wa robo ya wimbi kutoka kwenye ukuta, yaani mita 1.7 na zaidi kidogo kwa wimbi la hezi 50. Upana wa IST yenyewe, kutoka kioo cha pembeni hadi cha upande wa pili, haufiki huko. Sponji ya sentimita tatu iliyobandikwa kwenye bati ipo mahali ambapo hewa ya besi karibu haiendi wala hairudi, hivyo haina cha kusugua. Inafaa kwa sauti za kuanzia hezi elfu moja hivi kupanda juu, na mtu akitaka kupunguza ukali wa twita, spika ndogo za sauti nyembamba, atapata faida. Kwa sabufa ni kama kuzuia maji ya mto kwa nyavu ya mbu.

Na ile namba ya kwenye simu? Vipimo vingi vya kelele huanza na mizani inayoitwa A, iliyotengenezwa kufuata jinsi sikio linavyosikia sauti ndogo, na mizani hiyo huipunguza sauti ya hezi 50 kwa takriban desibeli 30 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kabla ya kuiandika. Simu iliona sauti nyembamba zimepungua ikafurahi, besi ikiwa imefutwa kwenye hesabu tangu mwanzo. Anayetaka kupima besi atumie mizani C, ambayo kwenye hezi 50 hupunguza kama desibeli moja tu, na akipata kipimo halisi badala ya simu atakuwa salama zaidi, maana maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa ajili ya maneno ya watu. Ningeomba kila mteja amuulize fundi swali hilo moja, mizani A au C, kabla ya kutoa pesa.

Gereji ya Sinza ilianza tofauti kabisa. Fundi aliiondoa sponji yote, akaianika juani, kisha badala ya kunitajia bei akapiga mlio mmoja mtupu kupitia sabufa, akiupandisha polepole kutoka hezi 30 hadi 120, huku akizunguka gari na kiganja chake kimelala juu ya bati. Kila mahali palipotetemeka alibandika kipande cha selotepu na kuandika namba. Kibao cha namba kililia kwenye 43. Mlango wa buti uliamka kwenye 61. Plastiki ya nguzo ya nyuma kulia ilianza kwenye 78, na bati la nje la mlango wangu likavuma karibu na 95. Alipomaliza, gari lilikuwa na selotepu kumi na moja, na ndipo akasema jambo lililonifanya nimwamini.

"Kaka, hii mitetemo yote naimaliza. Lakini besi yenyewe kutoka nje siwezi kuizuia, nisikudanganye. Nitaipunguza kidogo."

Kabla ya kubandika alinionyesha vipande viwili vya mkeka, kimoja cha lami na kimoja cha butili, akaviweka juu ya boneti ya gari bovu lililokuwa juani saa saba mchana. Baada ya nusu saa kipande cha lami kilikuwa kimelegea, kimeteleza kidogo, na nilipokigusa kikaacha uzi mweusi kwenye kidole wenye harufu ya barabara mpya. Kile cha butili kilikuwa cha moto lakini hakikusogea. Kwa gari linaloegeshwa juani mjini kutwa nzima, jaribio hilo linatosha kufanya uchaguzi. Mkeka wa lami ni wa bei nafuu, ila baada ya miezi kadhaa utaukuta umekusanyika chini ya mlango.

Mkeka wa butili una tabaka mbili: mpira laini unaonata wenye unene wa milimita mbili, na juu yake foili ngumu ya alumini. Foili si pambo. Bati linapojipinda kwa mtetemo, mpira unabanwa kati ya vitu viwili vigumu na kuvutwa huku na kule, na msuguano wa ndani ya mpira huigeuza nguvu ya mtetemo kuwa joto dogo sana. Fundi alinigongea bati la mlango kwa kifundo cha kidole. Lililia "tiing" na kuendelea kuvuma. Akabandika kipande chenye ukubwa wa kiganja katikati, akagonga tena, nikasikia "du" fupi iliyokufa palepale. Hakufunika bati zima, na hakuna haja ya kufanya hivyo. Kufunika robo hadi nusu ya bati, hasa katikati yake ambako hujipinda zaidi, huua sehemu kubwa ya mvumo, na mwenye gereji anayesisitiza kujaza kila sentimita kwa kazi ya mvumo peke yake anauza mikeka. Alichosisitiza huyu ni usafi na mgandamizo: bati lilifutwa kwa spiriti mara mbili, kisha kila mkeka ukasuguliwa kwa rola ndogo ya chuma hadi alama za vinundu kwenye foili zikapotea. Mkeka usiogandamizwa unabaki na hewa chini yake, na penye hewa mpira haushiki bati.

Kazi iliyonipa faida kubwa kuliko zote ilikuwa ya milangoni, ingawa ndiyo niliyoitarajia kidogo. Mlango wa gari una bati la nje na bati la ndani, na la ndani lina matundu makubwa ya kupitisha mkono wa fundi wa vioo, ambayo kiwandani huzibwa kwa nailoni. Spika inaposukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta. Kama matundu yako wazi, hewa ya nyuma huzunguka na kukutana na ya mbele, na kwa sauti za masafa ya chini hizo mbili hufutana. Fundi alikata vipande vya bati la alumini akaziba matundu makubwa, akapitisha mikeka juu yake, na kuizungushia kila spika ukingo wa sponji yenye vitundu vilivyofungwa, ile isiyonywa maji. Matundu madogo ya chini ya mlango aliyaacha wazi yote. Nilimuuliza, akaniambia maji ya mvua lazima yapate pa kutokea. Baada ya kuona kutu ya sponji ya kwanza sikuhitaji maelezo zaidi.

Sakafu ya buti ilipata tabaka la ziada, zulia zito la vinyl lenye uzito wa kilo 5 kwa mita ya mraba, lililolazwa juu ya sponji nyembamba isiyonywa maji. Hapa ndipo suala la kuzuia, tofauti na kunyamazisha bati, linapoingia, na hesabu yake ni ya uzito. Bati la gari lenye unene wa milimita 0.7 lina uzito wa kilo 5.5 kwa mita ya mraba. Kwa kanuni ya uzito, bati hilo huzuia karibu desibeli 28 za sauti ya hezi 1,000, lakini kwa hezi 50 huzuia kama desibeli 2 tu. Ukiongeza uzito maradufu unapata desibeli zisizozidi 6. Kwa mikeka na vinyl, sakafu yangu ya buti kwenye karatasi inakaribia desibeli 10, nazo si haba. Tatizo ni kwamba besi haitoki kupitia sakafu ya buti peke yake. Vioo viko palepale, paa liko palepale, na sauti, kama maji, hupita penye upenyo. Anayetaka gari lisilotoa besi kabisa angelazimika kuongeza uzito kila mahali, vioo pamoja, na gari hilo lisingepanda mlima wowote.

Nilipima. Rafiki yangu anayekodisha vyombo vya muziki kwenye harusi aliniazima kipimo chake, tukakiweka kwenye mizani C kando ya dirisha la jirani, kabla na baada ya kazi, sauti ikiwa kwenye alama ileile. Mlio wa hezi 50 ulikuwa desibeli 84, ukawa 82. Hiyo ndiyo faida yote ya kuzuia niliyoinunua kwa besi ya chini kabisa, sawasawa na fundi alivyoniambia. Ndani ya gari mambo yalikuwa mengine: mlio wa hezi 100 kutoka spika za milango uliongezeka desibeli 4 kwenye siti ya dereva bila kugusa kitufe chochote, na selotepu kumi kati ya kumi na moja hazikuwa tena na kazi.

Faida iliyomfikia jirani ilikuja kwa njia ambayo sikuitarajia. Zamani nilikuwa naikuza sabufa ili ifunike udhaifu wa milango na kelele za bati. Milango sasa inabeba ngoma na gitaa la besi yenyewe, na chumba cha gari kina tabia ya kuikuza besi iliyo chini ya kiwango fulani, kwa IST ni chini ya hezi 60 hivi, kwa sababu wimbi linakuwa kubwa kuliko chumba na hewa yote hugandamizwa kwa pamoja. Kwa hiyo niliishusha sabufa desibeli 5 kwenye amplifaya na kuwasha kichujio kinachokata sauti za chini ya hezi 35, na sikuona nimepoteza kitu. Dirishani kipimo kikasoma 77. Kati ya desibeli 7 zilizopungua, mkeka ulizuia 2 na mkono wangu ulipunguza 5, lakini mkono usingekubali kupunguza kama mkeka usingefanya kazi yake milangoni. Siku nne baadaye nilimuuliza jirani kuhusu glasi. Akasema zimetulia, ila bado anajua nikifika.

Kuna sehemu moja ambayo kunyonya kweli kunasaidia besi, nayo ni ndani ya boksi la sabufa. Fundi alijaza pamba ya poliesta kiasi cha gramu 400, akiitawanya bila kuishindilia. Hewa inapobanwa hupata joto, nyuzi za pamba hulipokea joto hilo, na hewa huwa laini kidogo, kana kwamba boksi limekuwa kubwa zaidi. Tofauti ni ndogo, lakini mdundo umeacha kuwa mkavu, na gharama yake ilikuwa bei ya mto wa kulalia.

Gharama zenyewe: mikeka minane ya sentimita 50 kwa 80 kwa shilingi 25,000 kila mmoja, vinyl 90,000, sponji ngumu na pamba 45,000, na ufundi 130,000. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nilipewa bila kuomba. Gari limeongezeka uzito wa karibu kilo 18, na kwenye Barabara ya Mandela, kati ya malori, sasa naweza kuzungumza na abiria wa nyuma bila kugeuza shingo. Milango inafungwa kwa sauti nzito inayopendeza.

Kasoro zipo nazo ni za kusemwa. Niliahidiwa siku moja zikawa mbili, na hakuna aliyenipigia simu. Nilijua nilipofika jioni na kukuta milango iko juu ya meza. Klipu mbili za kava la mlango wa nyuma kushoto zilivunjwa na kurudishwa hivyohivyo, nikalazimika kwenda tena, ingawa walizibadilisha bure na kwa heshima. Selotepu ya kumi na moja, plastiki ya nguzo ya nyuma kulia, bado inalia kwenye hezi 78, kwa sababu plastiki ile inasuguana na mkanda wa siti na hakuna mkeka utakaoisaidia. Inahitaji kitambaa cha kuzuia msuguano, nao hawakuwa nacho. Udhamini wa miezi mitatu ulikuwa wa mdomo mpaka nilipoomba uandikwe nyuma ya risiti.

Mwenye gari linalolia bati, au ambaye spika zake za milango hazina kifua, ningempeleka pale bila kusita, na ningemwambia aanze na milango miwili ya mbele peke yake kama mfuko hauruhusu, kwa kuwa mikeka minne ingemtosha. Anayekwenda kwa sababu jirani amelalamika, na ambaye hayuko tayari kugusa kitufe cha sabufa, abaki na pesa zake.

Paa bado. Nimepanga nalo kabla ya mvua za vuli: mikeka minne ya butili katikati ya bati, bila vinyl, maana kitu cha kilo 5 kwa mita ya mraba hakifai kuning'inia juu ya vichwa vya abiria. Kwa besi ya hezi 50 sitegemei hata desibeli moja dirishani kwa jirani. Nataka mvua ikinyesha juu ya gari nisiisikie kama mtu anayemwaga kokoto.